Kumfuata Cornwallis kwa miguu: viwanja vinne vya vita, na kwa nini usianze na Yorktown

Wageni wengi wanaotaka kuona vita vya Jenerali Mwingereza Charles Cornwallis dhidi ya Wamarekani waliopigania uhuru huenda Yorktown moja kwa moja, hupiga picha na mizinga, kisha huondoka wakiamini kwamba kilichomwangusha ni meli za Wafaransa. Si uongo, ila ni robo ya habari. Jeshi lililosalimu amri Yorktown mwezi Oktoba 1781 lilikuwa limekwisha kukatwa mkono na mguu miezi kadhaa kabla, katika misitu ya Carolina, na sehemu hizo bado zipo na zinatembeleka. Tathmini hii ni ya hifadhi nne zilizo chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani: Kings Mountain na Cowpens (South Carolina), Guilford Courthouse (mjini Greensboro, North Carolina) na Yorktown (Virginia). Zitembelee kwa mfuatano huo. Ukiugeuza, Guilford Courthouse, ambayo ndiyo bora kuliko zote, itakuwa kwako bustani ya wakimbiaji wa asubuhi tu.

Kwanza hesabu za safari. Tatu za mwanzo hazina kiingilio. Yorktown hulipiwa kwa kila mtu mzima, na watoto wa miaka 15 kushuka chini hawalipi. Kutoka Charlotte hadi Kings Mountain ni kama kilomita 65, kutoka hapo hadi Cowpens kama 50, Cowpens hadi Greensboro kama 260, na Greensboro hadi Yorktown kama 400. Siku tatu zinatosha bila kukimbizana. Gari ni lazima, maana usafiri wa umma haukufikishi. Vituo vya wageni kwa kawaida hufunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, lakini siku za mapumziko hubadilika, hivyo angalia tovuti ya kila hifadhi kabla ya kuwasha gari.

Majira ndiyo yanayowaponza wengi. Kuanzia Mei hadi Septemba miti huwa na majani mazito, na msitu unakuwa ukuta. Huoni mteremko, huoni bonde, huoni kwa nini kikosi hiki kilipotea na kile kikafika. Nenda kati ya Novemba na Machi. Cowpens ilipiganwa Januari na Guilford Machi, kwa hiyo utaona karibu kile walichokiona wao. Kiangazi vilevile kuna kupe, na kuna mmea wa majani matatu matatu unaowasha kuliko upupu. Ukitoka nje ya njia, vaa suruali ndefu na uchomeke ncha zake ndani ya soksi.

Kings Mountain ni kilima chenye mgongo mwembamba na mrefu. Tarehe 7 Oktoba 1780, Meja Patrick Ferguson, afisa wa Cornwallis, alikaa juu yake na watu kama 1,100, karibu wote Wamarekani waliobaki upande wa mfalme. Watu kama 900 kutoka milimani walimzunguka, na ndani ya saa moja na dakika chache Ferguson alikuwa maiti na kikosi chake kimekufa au kimetekwa chote. Njia ya kutembea ni maili 1.5, yaani kama kilomita 2.4, ya lami lakini yenye mwinuko mkali. Kiti cha magurudumu kinahitaji msukumaji mwenye nguvu. Njia hupita chini ya kilima kwanza kisha hupanda, na mpangilio huo ni sahihi kabisa, kwa sababu unaanza ulipoanza upande ulioshinda. Simama chini, tazama juu: miti ya mteremkoni iliwapa washambuliaji kinga, huku walio juu wakiwa peupe. Anayelenga kuelekea chini hupitisha risasi juu ya vichwa. Watu wa Ferguson waliteremka na singe mara kadhaa. Washambuliaji walirudi nyuma mpaka chini, wakajaza bunduki, wakapanda tena. Kaburi la Ferguson lina rundo la mawe, na wageni huongeza jiwe kwa desturi ya Waskoti. Saa moja na nusu inatosha hapa.

Cornwallis mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Charlotte, na habari zilipomfikia alirudi nyuma hadi Winnsboro. Hakuwepo Cowpens pia. Katika hifadhi nne, mbili zinaeleza kampeni ya mtu ambaye hakukanyaga pale, na vibao havilisemi hilo kwa sauti ya kutosha. Ndiyo maana mgeni asiyejiandaa huuliza, “Sasa huyu Cornwallis yuko wapi?” Jibu ni kwamba alikuwa anapoteza askari bila kuwaona.

Cowpens ni rahisi kuliko zote kwa mwili. Ni ardhi wazi, karibu tambarare, yenye njia ya lami ya kama kilomita 2 na barabara ya mzunguko ya magari ya maili 3.8. Achana na ile ya magari. Inazunguka pembeni na kukuacha bila habari. Tembea kwenye barabara ya zamani ya Green River, na anza upande wa Waingereza. Hapo ndipo utauona ufundi wa Daniel Morgan, kamanda wa Wamarekani. Tarehe 17 Januari 1781 alipanga watu wake kwa tabaka: mbele walenga shabaha, nyuma yao wanamgambo wa Andrew Pickens walioombwa wapige risasi mara mbili tu kisha waondoke, na nyuma zaidi, kwenye mwinuko mdogo, askari wa kudumu wa John Eager Howard. Nyuma ya mwinuko kuna bonde jepesi. Ukisimama walikosimama watu wa Banastre Tarleton, kamanda wa Waingereza, bonde hilo halionekani hata kidogo. Ukitembea hadi pale unagundua kwamba lina kina cha kumficha farasi na mpanda farasi wake. Wapanda farasi wa William Washington walikuwa humo. Hakuna kitabu kinachokueleza jambo hili kama magoti yako yanavyokueleza unaposhuka.

Tarleton aliwaamsha askari wake kama saa 9 usiku, akawatembeza kwenye baridi, akawaingiza vitani bila kupumzika. Walipoona wanamgambo wanaondoka walidhani ni kukimbia, wakavunja mistari yao kuwafukuza. Kisha amri iliyoeleweka vibaya upande wa Howard ikawafanya askari wa kudumu waanze kurudi nyuma, na Waingereza wakazidi kukimbilia mbele. Ghafla wale wa Howard wakageuka na kupiga risasi kwa umbali wa hatua chache. Vita havikuchukua saa nzima. Kati ya watu kama 1,100 wa Tarleton, kama 110 waliuawa na mamia walitekwa. Waliopotea walikuwa askari wepesi wa Cornwallis, wale wa kutangulia, kupeleleza na kufukuza. Shika hilo mkononi mpaka Greensboro.

Kati ya Cowpens na Greensboro kuna vituo vidogo, na vingi havifai mafuta ya gari. Kivuko cha Cowan's Ford, Cornwallis alipovuka mto Catawba tarehe 1 Februari, leo kiko kwenye maji ya bwawa la kuzalisha umeme, na utakachokiona ni kibao. Lincolnton inafaa dakika kumi kwa sababu moja tu: hapo palikuwa na kinu cha Ramsour, na hapo, mwishoni mwa Januari, Cornwallis alichoma mizigo ya jeshi lake ili aende mbio kumfukuza Nathanael Greene, jenerali wa Wamarekani. Alibakiza magari ya farasi ya baruti, chumvi na dawa, na manne matupu ya kubebea wagonjwa. Mahema yaliungua na mapipa ya ramu yalivunjwa. Alianza na mizigo yake mwenyewe ili maafisa wasipate la kusema. Kijeshi lilikuwa wazo la kijasiri lenye kosa la hesabu: jeshi lisilo na magari halina posho, na mbele yake kulikuwa na mito iliyofurika na adui aliyekwisha kukusanya mashua. Tarehe 14 Februari Greene alivuka mto Dan akaingia Virginia, na Cornwallis akabaki ng'ambo akiyatazama maji.

Sasa Guilford Courthouse, na hapa tenga siku nzima.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1917, ikawa uwanja wa kwanza wa vita vya mapinduzi ya Marekani kulindwa na serikali kuu. Kabla ya hapo ilikuwa mali ya kampuni ya raia iliyoundwa mwaka 1887 na Jaji David Schenck, aliyenunua mashamba na kuyajaza minara. Minara hiyo ndiyo fahari ya mahali na ndiyo mtego wake. Iko mingi, mingine mizuri kweli, lakini iliwekwa kwa mapenzi na siasa za wakati ule, si kwa vipimo. Sanamu kubwa la Greene juu ya farasi, la mwaka 1915, usilichukulie kuwa alama ya mahali alipokuwa. Siku ile alikuwa nyuma, kwenye mstari wa tatu. Utafiti wa miaka ya karibuni umesogeza hata mahali pa mstari huo kutoka pale palipodhaniwa zamani. Kanuni moja itakuokoa: fuata ardhi, usifuate marumaru.

Kosa la pili la wageni ni kuanzia kituo cha wageni na kuingia barabara ya mzunguko kwa gari. Kituo kiko karibu na mstari wa kwanza wa Wamarekani, kwa hiyo unaanza katikati ya sentensi. Pitia humo kuchukua ramani na kutazama filamu, kisha rudi magharibi hadi kwenye shamba la Hoskins, Waingereza walikojipanga, ugeuke na kutembea kuelekea mashariki kwenye mstari wa barabara ya New Garden. Ndani ya hifadhi sehemu ya barabara hiyo ya kale imefanywa njia ya miguu. Vaa viatu vya kuzuia maji. Penye mabonde udongo hukaa na tope hadi Aprili.

Tarehe 15 Machi 1781 Cornwallis alikuwa na watu kama 1,900, na Greene kama 4,400, wengi wao wanamgambo. Waingereza walikuwa wametembea kilomita kama 19 tangu alfajiri bila kifungua kinywa. Mizinga ilianza kama saa 7 na nusu mchana, ikalia kwa dakika kama 20 bila kuleta tofauti kubwa. Kisha wakasonga: kushoto kwa barabara Luteni Kanali Webster na rejimenti za 23 na 33, kulia Jenerali Leslie na Waskoti wa rejimenti ya 71 pamoja na Wajerumani wa rejimenti ya von Bose, waliopigana upande wa Waingereza.

Mbele yao, ng'ambo ya shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, palikuwa na uzio wa magogo. Utazame uzio uliojengwa upya kwa karibu. Magogo yamelazwa kwa kukunjana, kimo cha kifua, na mtu aliyepiga goti nyuma yake anaweza kulaza mtutu juu ya gogo na kutulia. Wanamgambo wa North Carolina walifanya hivyo. Waingereza walipofika hatua kama 50 waliona safu nzima ya mitutu imetulia hivyo, wakasita. Risasi za kwanza ziliwafyeka Waskoti vibaya. Wanamgambo wakapiga tena, wengine zaidi, wengine waliishia na mara moja tu, wakaingia msituni. Kwa vizazi vingi waliitwa waoga. Ukisimama nyuma ya uzio huo ukakumbuka kwamba bunduki zao nyingi hazikuwa na singe, na kwamba kuzijaza kuliwachukua muda ambao mtu mwenye singe anautumia kuvuka hatua 50, lawama zinapungua.

Msitu wa mstari wa pili ndio sehemu inayopuuzwa zaidi, nayo ndiyo kiini. Toka kwenye lami, ingia njia ya udongo, tembea mita mia mbili bila kutazama simu. Utapotea mwelekeo. Waingereza walipigana kwa mabega kugusana; ndani ya miti hiyo mistari ilikatika vipande vipande, na Wavirginia walipiga risasi kutoka nyuma ya vigogo. Wajerumani na kikosi kimoja cha Gadi ya mfalme walivutwa kusini, wakapigana vita vyao peke yao mbali na wenzao. Hapa ndipo pengo la Cowpens linaonekana kwa macho: kazi ya msituni ni ya askari wepesi, na wengi wa askari wepesi wa Cornwallis walikuwa mateka tangu Januari.

Ukitoka msituni unakuta bonde lililo wazi, na ng'ambo yake mwinuko wa mstari wa tatu wa Greene. Barabara ya Old Battleground, yenye magari ya mjini, inakata hifadhi, na kelele zake zinaudhi. Asubuhi ya Jumapili huwa afadhali. Webster alifika kwanza na watu wachache, akasukumwa nyuma. Kisha Gadi waliivunja rejimenti ya pili ya Maryland na kuteka mizinga miwili, kabla rejimenti ya kwanza ya Maryland kuwageukia kwa singe na wapanda farasi wa William Washington kuwapitia kutoka nyuma. Inasimuliwa kwamba Cornwallis aliamuru mizinga ipige marisau katikati ya fujo ile, ikaua Wamarekani na Gadi wake pamoja. Simulizi hilo lilitoka kwa Henry Lee, afisa wa upande wa pili ambaye hakuwa mahali hapo wakati huo, na wanahistoria wanavutana nalo hadi leo. Mgeni akisimuliwa kana kwamba ni picha ya kamera, ana haki ya kuuliza nani aliona.

Greene aliondoa jeshi lake akaacha mizinga. Kwa desturi za wakati ule aliyebaki na uwanja ndiye mshindi, na Cornwallis alibaki nao. Waliouawa upande wake walikuwa 93, waliojeruhiwa zaidi ya 400, jumla zaidi ya robo ya jeshi. Usiku mvua ikanyesha juu ya majeruhi ambao hawakuwa na mahema, kwa kuwa mahema yalikuwa majivu kwenye kinu cha Ramsour. Posho iliyokuja siku ya pili ilikuwa robo ratili ya unga na kiasi hichohicho cha nyama ya ng'ombe iliyokonda, kwa watu waliokaa siku mbili bila chakula. Majeruhi wasioweza kusafiri waliachwa kwa Waquaker (Wakristo wanaokataa vita) wa New Garden. Waliobaki wakaenda Wilmington pwani, na kutoka huko, mwishoni mwa Aprili, kama 1,400 wakaelekea Virginia. Mnara wa kuwakumbuka askari wa mfalme uliwekwa hapa mwaka 2016 tu, usiupite.

Kwa wasomaji walioko Marekani: Greensboro ni mji wenye Wakongo wengi waliohamia kama wakimbizi, na Kiswahili hakikosekani mitaani. Hifadhi ni bure na iko ndani ya mji. Wazazi wanaotaka kuwapeleka watoto wanaosoma historia hii shuleni hawana sababu ya kusubiri safari ya shule.

Yorktown ina vifaa bora na ardhi inayosema machache kuliko zote. Kwanza jihadhari na tiketi: kuna uwanja wa vita ulio chini ya hifadhi za taifa, na kuna Jumba la Makumbusho la Mapinduzi ya Marekani, mali ya jimbo la Virginia, lenye kiingilio chake. Ni sehemu mbili tofauti na watu hununua tiketi ya moja wakidhani ni ya nyingine. Kwa anayefuata kampeni, uwanja ndio wa lazima. Barabara zina mishale: nyekundu kwa uwanja wa vita, maili 7, na ya manjano kwa kambi za washirika, yaani Wamarekani na Wafaransa, maili 9. Fuata nyekundu; ya manjano ni ya wapenzi wa mashamba matulivu.

Maboma na mitaro mingi unayoiona ni ya kujengwa upya, kwa kuwa Jenerali George Washington (si yule William wa Cowpens) aliamuru kazi za mzingiro zisawazishwe baada ya ushindi, na mwaka 1862 majeshi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe yalichimba palepale. Hata hivyo, mtaro wa pili na maboma namba 9 na 10 vinafundisha. Usiku wa tarehe 14 Oktoba Wafaransa 400 walishambulia la 9 na Wamarekani 400 chini ya Alexander Hamilton la 10. Wamarekani hawakungoja wenye mashoka wakate miti iliyochongwa kuwa vizuizi. Walijipenyeza, wakamaliza kwa dakika kama 10. Wafaransa walingoja kwa utaratibu wa kitabu chini ya risasi, wakapoteza watu wengi zaidi. Pima kwa macho umbali kutoka hapo hadi ngome za Cornwallis, na utaelewa kwa nini siku tatu baadaye mpiga ngoma alipanda juu ya ngome kuomba mazungumzo.

Nyumba ya Nelson mjini ina makombora mawili ya mzinga yaliyokwama ukutani, na kila mtu huyapiga picha. Makovu ya ukuta ni ya kweli. Makombora yaliwekwa karne ya 20 kuziba makovu hayo. Nyumba ya Moore, yalipoandikwa masharti ya kusalimu amri, haifunguliwi kila siku. Uliza kituo cha wageni kabla ya kuiendea.

Jambo ambalo ardhi ya Yorktown haiwezi kuonyesha ni Waafrika. Maelfu ya watumwa walikimbilia jeshi la Cornwallis Virginia wakitafuta uhuru. Ndui iliwaua kwa wingi, na posho ilipopungua wakati wa mzingiro walitolewa nje ya ngome, wengi wakafia kati ya mistari miwili. Upande wa pili, kati ya askari wa Rhode Island walikuwamo weusi, na mtumwa aliyeitwa James alipeleleza ndani ya kambi ya Cornwallis kwa niaba ya Lafayette, jenerali Mfaransa aliyepigana upande wa Wamarekani, akapewa uhuru na bunge la Virginia mwaka 1787 tu. Ukipata mwongozo wa hifadhi, muulize juu ya hili moja kwa moja. Maelezo yao kwa mdomo ni marefu kuliko kibao.

Malizia kwenye uwanja wa kusalimu amri, na ufike kabla magari ya shule hayajajaa. Tarehe 19 Oktoba, kama saa 8 mchana, zaidi ya watu 7,000 walitoka kuja kuweka silaha chini. Cornwallis alisema anaumwa. Aliyekuja na upanga badala yake ni Jenerali Charles O'Hara wa Gadi, yuleyule aliyejeruhiwa mara mbili Guilford Courthouse miezi saba kabla.